Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Klabu: Mechi ya Jumamosi Ilipotea Siku ya Mwisho ya Usajili

Kwa Mwenyekiti, Wajumbe wa Bodi na Mkurugenzi wa Michezo,

Ndugu Viongozi,

Ninawaandikia nikiwa mwanachama wa kawaida mwenye tiketi ya msimu, ambaye Jumamosi iliyopita alibaki kitini hadi filimbi ya mwisho na kisha akaondoka kimya. Waliokuwa wamenizunguka walizomea, na siwalaumu, kwa sababu kufungwa mabao matatu kwa moja nyumbani, na timu iliyokuja ikiwa na dalili zote za kutafuta sare, si jambo la kumeza kirahisi. Hata hivyo, wengi walimzomea kocha, na wapo waliomzomea kijana wa miaka 20 aliyelazimika kucheza beki wa kushoto, nafasi ambayo si yake. Niliona kelele zile zinawaangukia watu wasiohusika, au wanaohusika kwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya mchezo ule ilipotea siku ya mwisho ya dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho klabu huruhusiwa kununua na kuuza wachezaji, na siku hiyo waliokuwa mezani ni ninyi.

Naomba nianze na dakika ya 38, kwa sababu ndipo mambo yalipojionyesha. Tulikuwa tunaongoza kwa bao la kona, tena tunacheza vizuri, wapinzani wamebanwa katika nusu yao. Kiungo wetu mkabaji, yaani yule anayelinda mbele ya mabeki, akakimbilia mpira uliopotea, akasimama ghafla, akashika nyama za paja na kukaa chini bila kuguswa na mtu. Jukwaa zima lililogeuka kuangalia benchi liliona kilekile alichokiona kocha: kipa wa pili, mabeki wa kati wawili, mawinga watatu, mshambuliaji mmoja, na vijana wawili ambao hawajawahi kucheza hata dakika moja ya ligi. Watu tisa wamevaa vizibao, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni ile iliyokuwa imeachwa wazi katikati ya uwanja.

Kocha alifanya alichoweza. Alimtoa beki wa kushoto katika nafasi yake akamsogeza katikati, kwa kuwa aliwahi kucheza huko alipokuwa timu ya vijana, na nafasi ya beki wa kushoto akampa yule kijana ambaye ni beki wa kati na hutumia mguu wa kulia. Kwa hiyo mtu mmoja aliumia, lakini nafasi mbili zikapata wageni, na winga wetu wa kushoto, ambaye msimu mzima amezoea mtu wa kupanda nyuma yake, akabaki peke yake upande ule. Bao la kusawazisha katika dakika ya 61 lilipitia upande huo. La pili, dakika ya 74, lilipitia hapohapo. La tatu lilikuja dakika ya 88 tulipokuwa tumejaa mbele kwa kukata tamaa, na hilo silihesabu katika hoja yangu, kwani timu yoyote inayolazimisha kusawazisha hujiweka wazi.

Wapinzani walitumia mabadiliko yao yote matano, na mawinga wawili walioingia kabla ya saa moja ya mchezo kutimia ndio waliotumaliza. Sisi tulifanya mabadiliko matatu, la mwisho likiwa dakika ya 80. Kanuni ya mabadiliko matano iliruhusiwa kwa muda mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaingizwa katika sheria za mchezo moja kwa moja. Maana yake ni kwamba timu inaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake kumi wa ndani, ukimwacha kipa, katika mchezo mmoja. Timu yenye watu watano wa kuingiza na timu yenye watatu hazichezi mchezo uleule katika nusu saa ya mwisho, hata kama zilianza zikiwa sawa.

Siku iliyofuata klabu ilitoa taarifa fupi iliyosema tulikumbwa na bahati mbaya, na kwamba kikosi chetu ni kipana vya kutosha, kwa kuwa kina wachezaji 25 waliosajiliwa. Naandika barua hii hasa kwa sababu ya sentensi hiyo.

Idadi ya 25 ni kikomo cha usajili katika mashindano mengi, na wala si kipimo cha upana. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kutumia orodha ya wachezaji 25 katika msimu wa 2010/11, ikiweka sharti kwamba wasiozidi 17 kati yao ndio wanaweza kuwa wale ambao hawakukuzwa katika vilabu vya Uingereza na Wales, na vijana wasiozidi umri wa miaka 21 wakiachwa nje ya hesabu. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo ina orodha yake ya 25, yenye nafasi nane zilizotengwa kwa wachezaji waliokuzwa nyumbani. Taratibu hizo ziliwekwa ili vilabu visirundike watu na ili wakuze vijana wao. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba klabu ikijaza nafasi zote 25, basi ina akiba.

Tukihesabu kwa nafasi, picha hubadilika. Tuna makipa watatu, mabeki wa kati watano, mabeki wa kulia wawili, beki wa kushoto mmoja, viungo watano ambao kati yao mkabaji halisi ni mmoja, mawinga sita na washambuliaji watatu. Narudia: mawinga sita, beki wa kushoto mmoja, kiungo mkabaji mmoja. Beki wa kushoto wa pili mlimtoa kwa mkopo wiki moja kabla ya dirisha kufungwa, na kiungo mkabaji wa pili mlimuuza. Kwa hiyo kikosi hiki ni kipana pembeni mwa uwanja na ni chembamba kama uzi katikati na nyuma kushoto. Wapinzani wenye akili huanza kuusoma uzi huo kabla hata hawajapanda basi.

Mimi nina kipimo changu cha mchezaji wa akiba, na nadhani hata makocha hutumia kitu kinachofanana nacho: je, tukiwa tunaongoza kwa bao moja na zimebaki dakika 20, kocha anaweza kumwingiza mtu huyu bila kuwahamisha wenzake? Kama jibu ni ndiyo, huyo ni mchezaji wa akiba. Kama jibu ni hapana, huyo ni mtu aliyevaa jezi na kukaa karibu na uwanja, na mshahara anaolipwa haubadilishi hali hiyo. Kwa kipimo hicho, Jumamosi tulikuwa na wachezaji wa akiba wanne, na watatu kati yao ni mawinga.

Kuhusu bahati mbaya, naomba tuwe waangalifu na neno hilo. UEFA imefuatilia majeraha katika vilabu vikubwa vya Ulaya tangu msimu wa 2001/02, na matokeo yaliyochapishwa baada ya miaka saba ya kwanza yalionyesha kwamba kila mchezaji huumia kwa wastani mara mbili kwa msimu, yaani kikosi cha watu 25 kitegemee majeraha yapatayo 50. Utafiti huohuo ulionyesha baadaye kwamba majeraha ya nyama za nyuma ya paja, ambayo yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote mwanzoni, yalifikia asilimia 24 katika msimu wa 2021/22. Jeraha lililomtoa kiungo wetu ndilo linaloongoza katika soka la kulipwa. Hatuwezi kujua nani ataumia wala lini, lakini kwamba mtu fulani wa katikati angeumia misuli kabla ya msimu kuisha, hilo lilikuwa karibu na uhakika. Mwenye nyumba asiyeziba paa kiangazi hawezi kuiita mvua bahati mbaya.

Tena kiungo yule alikuwa ameanza mechi zote za ligi na za kombe tangu msimu ufunguliwe, na wiki iliyopita alikuwa amecheza Jumanne dakika 90. Wanaosoma mambo ya mazoezi wanajua kwamba misuli huweza kuhitaji siku tatu au zaidi kurudisha nguvu baada ya mchezo mzima. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia klabu moja iliyoshiriki Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, uligundua kwamba wachezaji waliocheza mechi mbili kwa wiki hawakupungua kasi wala umbali waliokimbia, ila kiwango cha majeraha kilikuwa zaidi ya mara sita ya wale waliocheza mechi moja. Kwa macho ya jukwaani, na hata kwa vifaa vya kupima mwendo, mchezaji huonekana mzima hadi dakika ile anapokaa chini. Ndiyo maana hoja ya kwamba "alikuwa anaonekana yuko vizuri" hainiridhishi. Kumpumzisha mtu aliye vizuri ndiyo kazi ya mchezaji wa akiba, na kocha wetu hakuwa na wa kumpumzishia.

Najua kuna wajumbe ambao wakisikia hoja hizi hutaja Leicester City. Ni kweli kwamba mwaka 2016 walitwaa ubingwa wa Uingereza wakitumia wachezaji 23 tu katika msimu mzima wa ligi, na kikosi chao cha kwanza karibu kila mtu alikikariri. Lakini Leicester wa msimu ule hawakuwa na mashindano ya Ulaya, waliaga Kombe la Ligi mwezi Oktoba kwa penalti na Kombe la FA mwezi Januari katika raundi waliyoanzia, na kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya msimu walicheza mara moja kwa wiki. Msimu uliofuata waliingia Ligi ya Mabingwa, kiungo wao N'Golo Kanté akiwa ameshauzwa Chelsea, na katika ligi wakamaliza nafasi ya 12. Wapo pia wanaorudi nyuma zaidi na kutaja Aston Villa, mabingwa wa 1980/81 waliotumia wachezaji 14 katika mechi 42. Ni kumbukumbu tamu, lakini ni ya wakati ambapo sheria ya ligi ile iliruhusu mchezaji mmoja tu wa akiba kwa timu. Tukitaka kuwaiga, kwanza tuwaombe wapinzani wetu nao wakubali kubadilisha mtu mmoja.

Mfano ambao ningependa muutazame ni wa Liverpool katika msimu wa 2020/21, kwa sababu unafanana na wetu hadi unatia hofu. Kiangazi cha mwaka 2020, wakiwa mabingwa, walimuuza beki wao wa kati wa nne, Dejan Lovren, bila kuleta mwingine. Kwa hesabu za vitabu ulikuwa uamuzi wa busara: mchezaji mwenye umri mkubwa, anayecheza mara chache, mwenye mshahara wa mchezaji mkubwa. Mwezi Oktoba beki wa kati Virgil van Dijk akaumia goti katika mechi dhidi ya Everton. Mwezi Novemba Joe Gomez akaumia goti akiwa na timu ya taifa. Mwishoni mwa Januari msimu wa Joël Matip nao ukaisha. Katika miezi hiyo viungo Fabinho na Jordan Henderson ndio waliokuwa wakirudishwa nyuma kuziba pengo. Kwa hiyo timu iliyokosa mabeki ikakosa pia viungo, na presha ya kuwabana wapinzani iliyokuwa silaha yake kuu ikalegea katikati ya uwanja.

Matokeo yake tunayakumbuka. Tarehe 21 Januari 2021 Burnley waliwafunga 1-0 uwanjani Anfield, na mwendo wa mechi 68 za ligi bila kufungwa nyumbani ukakoma hapo. Baada ya Burnley wakaja Brighton, Manchester City, Everton, Chelsea na Fulham, na wote wakaondoka na ushindi: vipigo sita mfululizo nyumbani. Ni kweli viwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, na hilo lilikuwa na uzito wake. Lakini walipokimbilia sokoni siku ya mwisho ya dirisha la Januari, walipata mabeki wawili, mmoja kwa mkopo, na mwingine, Ben Davies, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mashindano akiwa na klabu ile. Anayenunua akiwa na shida hupata kilichobaki. Msimu waliuokoa kwa kuwaamini mabeki wawili waliokuwa chini kabisa ya orodha, Nathaniel Phillips na Rhys Williams, wakawarudisha viungo mahali pao, na wakamaliza wa tatu. Ninachokiona hapo ni kwamba timu ilitulia pale kila mtu aliporudi katika nafasi yake, hata kama waliokuwa nyuma hawakuwa na majina.

Nimeeleza mfano huo kwa urefu kwa sababu "beki wao wa nne" ndiye "kiungo wetu wa pili". Na hapa sina budi kukiri jambo. Mlipomuuza kiungo yule mwenye miaka 31, mimi nilifurahi. Nilisema mbele ya wenzangu kwamba hatimaye klabu imeacha kulipa mishahara ya wazee wanaokaa benchi. Sikuwaza kwamba alikuwa akicheza dakika 15 za mwisho katika nusu ya mechi zetu na kwamba dakika hizo ndizo zilizomfanya mwenzake afike Machi akiwa mzima. Wala sikuwaza kwamba mazoezini ndiye aliyekuwa akisimama upande wa pili katika mchezo wa kumi na moja kwa kumi na moja, akiwafundisha washambuliaji wetu namna ya kupita mbele ya mtu anayejua kukaba. Sisi mashabiki tunawapigia kelele mnaponunua jina kubwa na tunawapongeza mnapopunguza watu tusiowaona. Nadhani mnatusikiliza kuliko tunavyostahili.

Kuhusu fedha, sitajifanya sijui kwamba zina mwisho. UEFA imeweka kanuni kwamba gharama za kikosi, yaani mishahara, uhamisho na malipo ya mawakala, zisizidi asilimia 70 ya mapato, na ikaifikia kwa hatua: 90 katika msimu wa 2023/24, 80 katika 2024/25, kisha 70. Ligi nyingi nazo zina kanuni zinazofanana na hiyo. Mtu anayekaa benchi analipwa kila mwezi, na ni halali kabisa bodi kuuliza analipwa kwa kazi gani. Lakini hoja yangu haihusu kiasi kilichotumika. Katika dirisha lilelile mlilomuuza kiungo wa pili, mlinunua winga wa tano na wa sita, na ada ya mmoja wao, ikigawanywa kwa miaka ya mkataba wake kama uhasibu wa vilabu unavyofanya, itakuwa ikitusumbua vitabuni miaka mingi ijayo. Fedha ilikuwepo. Ilinunua kile kilichokuwa sokoni kwa bei nzuri na chenye video za kuvutia, na kile ambacho timu ilikuwa inakosa kikasubiri. Sijui kocha aliomba nini, kwa kuwa hakuna aliyetuambia, ila nimemsikia mara tatu akijibu swali la usajili kwa sentensi ileile: "Nafanya kazi na wachezaji waliopo." Kocha aliyepata alichokiomba hasemi hivyo.

Tottenham waliwahi kupita dirisha la kiangazi la 2018 na lile la Januari 2019 bila kusajili mtu hata mmoja, na Juni 2019 wakacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ninatarajia mtanitajia na hilo. Mnitajie pia kilichofuata: walipoteza fainali ile, tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo wakafungwa na Bayern mabao saba kwa mawili nyumbani kwao, na mwezi Novemba kocha wao Mauricio Pochettino akafukuzwa. Kikosi kisichoongezwa kinaweza kukimbia kwa muda mrefu kwa nguvu za mazoea, na sifa za muda ule huwa za wote, lakini siku kikichoka, anayeondolewa ni mtu mmoja.

Sasa niseme la kocha, kwa sababu barua hii isije ikasomwa kama utetezi wake. Mara mbili msimu huu tumekuwa tukiongoza mabao matatu hadi dakika ya 70, na mara zote mbili wale vijana wawili wa benchi walibaki wamekaa. Katika raundi ya kombe tuliyocheza na timu ya daraja la chini, kikosi kilichoanza kilikuwa na wachezaji tisa wa kikosi cha kwanza. Kijana hawezi kuaminiwa Jumamosi katika dakika ya 38 ikiwa hakuaminiwa siku ambayo hakukuwa na cha kupoteza. Liverpool hiyohiyo, chini ya kocha yuleyule Jürgen Klopp, ilirudi katika shida ya majeruhi Februari 2024, na katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea ikawaingiza Bobby Clark na James McConnell, wote wa miaka 19, na Jayden Danns wa miaka 18, kisha ikashinda kwa bao la van Dijk katika dakika ya 118. Watu walistaajabu, lakini Clark na McConnell walikuwa wameshacheza mechi kabla ya siku ile, na hata Danns, aliyekuwa mgeni kuliko wote, alikuwa ameingia katika mechi ya ligi siku nne kabla. Walikuwa wameshaonja. Vijana wetu hawajaonja, na lawama ya hilo naigawa kati ya benchi la ufundi, linaloogopa, na ninyi, mnaomhesabia kocha pointi kila baada ya wiki mbili hadi aogope.

Real Madrid wa 2023/24 nao wanafaa kutazamwa, kwa sababu nyingine. Walimpoteza kipa Thibaut Courtois na beki Éder Militão kwa majeraha ya goti kabla msimu haujakolea, na David Alaba mwezi Desemba, na bado walitwaa ubingwa wa Hispania na wa Ulaya. Tajiri, mtasema. Lakini aliyewapeleka fainali usiku wa tarehe 8 Mei 2024, kwa mabao mawili dhidi ya Bayern katika dakika za mwisho, alikuwa Joselu, mshambuliaji wa miaka 34 waliyemchukua kwa mkopo kutoka Espanyol, klabu iliyokuwa imeshuka daraja. Walihitaji mtu wa kuingia na kupiga mpira golini, wakamtafuta mtu anayefanya hivyo, na hawakujali kama angeuza jezi.

Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwomba. Taarifa ya klabu inasema kiungo wetu atakaa nje wiki sita, na ndani ya wiki hizo tuna mechi tisa. Dirisha litafunguliwa wiki ya nne. Kabla ya hapo, naomba mkataba wa mkopo wa beki wetu wa kushoto uangaliwe kama una kipengele cha kumrudisha katikati ya msimu, na kama kipo, kitumike siku ya kwanza, maana kurudi kwake kunamruhusu kijana wetu arudi katikati ya ulinzi anakojua kazi. Kama hakipo, wanachama tunastahili kuambiwa nani alikubali kumtoa beki pekee wa akiba wa upande ule bila kujiachia mlango. Na dirisha likifunguliwa, mtafutwe kiungo mkabaji mmoja, hata akiwa na miaka 33, hata akiwa wa mkopo, hata akiwa hana mtu wa kumsubiri uwanja wa ndege, mradi kocha amemtaja yeye kwa jina. Kama itabidi winga mmoja auzwe ili apatikane, auzwe. Nafahamu kwamba Januari si mwezi mzuri wa kununua, na kwamba wauzaji wameshaona mechi yetu ya Jumamosi na wanajua tunachokosa. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa, na ni afadhali kuilipa sasa kuliko kumlipa winga wa saba.

Naomba pia kwamba katika mkutano wa wanachama mje na karatasi ya nafasi badala ya karatasi ya majina: kila nafasi uwanjani, anayeanza, na anayeingia pale anayeanza akikosekana, kama kocha anavyowapanga yeye mwenyewe. Haihitaji kutaja mishahara wala siri za mtu. Ikitokea nafasi ambayo sehemu ya pili iko wazi, mtueleze imeachwa wazi kwa sababu gani na hadi lini. Karatasi hiyo ingekuwa imewekwa mezani kwenu siku ya mwisho ya usajili uliopita, naamini hata aliyekuwa na haraka kuliko wote angeona pale palipokuwa peupe.

Jumatano tunacheza tena nyumbani. Kwa kadiri ninavyoweza kuhesabu, beki wetu wa kushoto ataanza katikati na yule kijana ataanza kushoto, na wapinzani wetu wana winga wa kulia mwenye kasi kuliko wale wa Jumamosi. Nitakuwa kitini mapema, na nimewaomba wanaokaa karibu nami wasimzomee kijana.

Wenu katika klabu,

Mwanachama na mwenye tiketi ya msimu